Barua ya wazi kwa wenye vituo vya FM: redio zetu zinawagombeza wasikilizaji

Wakubwa zangu, wamiliki, wakurugenzi na mameneja wa vituo vya redio za FM hapa Tanzania, shikamooni. Nanyi ndugu zetu wa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, salaam. Mna sehemu yenu humu ndani, nitaifikia.

Mimi ni fundi mitambo. Kazi hii nimeifanya miaka 17, katika vituo vitatu, mikoani na Dar es Salaam. Sitavitaja kwa majina, kwa sababu ninayoyasema nimeyakuta kote, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu.

Desemba iliyopita nilikwenda kijijini kwa mama. Ana redio ndogo ya betri mbili kubwa, spika moja ya upana wa kiganja, antena yake ilivunjika zamani ikaungwa kwa spoku ya baiskeli. Inakaa juu ya kabati la vyombo. Jioni ile mama alikuwa ameketi pembeni ya kabati anachambua mchele, ungo mapajani, na kila baada ya muda mkono wake wa kushoto ulipanda kwenye kitufe cha sauti. Taarifa ya habari ilipoanza aliongeza, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima. Tangazo la sabuni lilipoingia akapunguza haraka, mchele ukamwagika kidogo. Mtangazaji akarudi, akaongeza. Wimbo ukaingia, akapunguza. Niliacha kula nikawa nahesabu: nusu saa, mara 19. Mwisho akaizima kabisa, akasema, "Mwanangu, hii redio yenu mbona inanigombeza?"

Kilikuwa ndicho kituo ninachokifanyia kazi. Aliyeipanga sauti ile ni mimi.

Niliipanga vile kwa amri. Mwaka mmoja kabla ya hapo mkurugenzi alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi akiwa kwenye foleni, anahamahama masafa kwenye redio ya gari. "Mbona jirani yetu anasikika juu kuliko sisi? Ongeza." Nikaongeza. Haikupita wiki mbili, jirani naye akaongeza. Nikaambiwa niongeze tena. Wengi wenu mnaosoma hapa mmewahi kupiga simu ya namna hiyo, na mafundi wengi tumeipokea tukaitikia "sawa bosi" hali tunajua kitakachofuata. Sehemu hiyo ya lawama ni yetu.

Niwaeleze kinachotokea mkisema "ongeza", maana mara nyingi hakuna aliyewaeleza.

Kati ya meza ya studio na transmita, yaani mtambo wa kurushia, kuna boksi tunaloliita prosesa. Humpandisha anayeongea chini, humshusha anayepayuka, hugawa sauti mafungu mafungu (besi, sauti za kati, sauti za juu) na kubana kila fungu peke yake, kisha mwisho kabisa hukata ncha zinazotaka kuvuka kikomo. Mmarekani Robert Orban alipotoa Optimod yake mwaka 1975 alikusanya kazi za namna hiyo pamoja na kutengeneza stirio (sauti ya pande mbili, kushoto na kulia) ndani ya boksi moja, na vituo vya FM vimekwenda na mpango huo hadi leo. Silaumu chombo. Bila prosesa, mgeni wa mahojiano anayeegemea kiti mbali na maiki asingesikika, na shabiki wa mpira angepasua spika za watu.

Ila FM ina kikomo. Wimbi la FM hubeba sauti kwa kuyumba juu na chini ya masafa yake, na kuyumba huko hakutakiwi kuzidi kilohezi 75 kila upande. Kikomo hicho ni kimoja kwa mwenye mtambo wa wati 100 na mwenye mtambo wa wati 5,000. Wati zinakufikisha mbali. Hazikufanyi usikike juu zaidi kwenye redio ya mtu ambaye tayari anakupata vizuri. Ni kibaba cha sokoni. Kibaba ni kile kile kwa kila muuza unga, na ukishafika ukingoni umefika. Anayetaka kutia unga mwingi zaidi ya jirani yake hana njia isipokuwa kushindilia.

Ndicho tunachofanya. Tunashindilia. Sauti ya mtu ina vilele na mabonde: "p" inapasuka, "a" inafunguka, "n" inazama, halafu kuna pumzi, halafu kimya kidogo kabla ya neno linalofuata. Ukishindilia, mabonde yanajazwa na vilele vinakatwa. Mshale wa mita unasimama juu, haushuki. Kwenye gari la mkurugenzi, kwa zile sekunde tano anazopita kutoka kituo hadi kituo, sisi ndio tunaosikika juu. Lakini neno lililopondwa haliingii masikioni kwa urahisi, hasa kwa mtu mzima ambaye masikio yake yameanza kupoteza sauti za juu, ambako ndiko konsonanti nyingi zinakoishi. Basi anaongeza sauti ili alishike neno. Akishaongeza, tangazo na wimbo vinavyofuata, ambavyo vimejaa bila nafasi ya pumzi, vinampiga usoni. Ile safari ya mkono wa mama kwenda na kurudi haikutokana na tofauti ya vipimo. Vipimo vilikuwa sawa kabisa. Uelewekaji ndio haukuwepo.

Zamani watu walisikiliza redio ya Taifa, iliyoanza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, kwenye mawimbi ya kati na mafupi. Mawimbi ya kati hubeba sauti nyembamba, kiasi cha kilohezi nne na nusu hivi, wakati FM inafika 15 (hapa napima sauti yenyewe, si kule kuyumba kwa wimbi). Mapokezi yakiwa mazuri, wazee wetu walilishika kila neno la taarifa na kesho yake walilirudia barazani. Sisi tuna nafasi zaidi ya mara tatu, na tumeijaza kelele.

Kuna jambo moja lililotokea katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambalo mpaka leo linaniuma.

Tulinunua prosesa mpya. Ilifungwa haraka, mchana, matangazo yakiendelea. Ndani ya mwezi lawama zikaanza kuhusu dada mmoja msomaji wa habari: eti ana kithembe, eti "s" zake zinachoma masikio. Alikuwa msomaji mzuri, labda bora kuliko wote pale. Aliambiwa asogee mbali na maiki. Akasogea. Akaambiwa akafanye mazoezi ya kutamka. Akafanya. Mwishowe akatolewa kwenye taarifa ya saa mbili usiku, akapelekwa kipindi cha salamu. Fikirieni sentensi yetu ya kila siku: "Sasa ni saa sita na dakika sitini..." hapana, hata dakika sitini hazihitajiki, "sasa ni saa sita usiku" inatosha. Kiswahili kimejaa "s". Msomaji wa Kiswahili hana pa kuzikwepa.

Kosa halikuwa mdomoni mwake. Katika FM, sauti za juu huinuliwa kabla ya kurushwa, na redio ya msikilizaji huzishusha kwa kipimo kile kile. Zikishuka, zinashuka pamoja na mchakarisho wa hewani. Kwetu, kama Ulaya, kipimo ni mikrosekunde 50. Marekani ni 75. Kwa kipimo chetu, sauti ya kilohezi 10 huinuliwa kama desibeli 10, na hicho si kiasi kidogo. Kazi hii inatakiwa ifanyike mara moja tu, ama kwenye prosesa au kwenye transmita. Sisi tuliiwasha kote kuwili. Zaidi ya hapo, prosesa ilikuja kutoka kiwandani ikiwa kwenye 75 na hakuna aliyeigeuza. Kila "s" ya yule dada iliinuliwa mara mbili, ikagonga kikomo, ikakatwa, ikatawanyika kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji. Wanaume wenye sauti nzito hawakuonekana sana. Yeye ndiye aliyelipa.

Niligundua usiku mmoja nilipokuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye menyu ya transmita. Niligusa mara mbili, basi. Kugundua kulichukua miezi saba. Kurekebisha hakukufika dakika moja. Niliuambia uongozi, nikamwambia na yeye. Kipindi cha saa mbili hakurudishiwa, maana kilikuwa kimekwisha kupewa mtu mwingine. Wakubwa zangu, kabla hamjamhukumu mtangazaji kwa sauti yake, mwulizeni fundi 50 iko wapi, na iko mara ngapi.

Kisa cha pili ni kifupi. Waya unaotoka kwenye meza kwenda kwenye prosesa una pini tatu. Aliyeunga waya wa upande wa kulia alibadilishana pini ya pili na ya tatu. Ukisikiliza kwa hedifoni au kwenye gari utaona sauti imekaa kiajabu kidogo, kama imetanuka, na wengine hata huipenda. Lakini redio ya spika moja hujumlisha kushoto na kulia, na hapo kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Sauti ya mtangazaji ndiyo iliyo sawa pande zote. Kwa siku 11 watu wa vijijini walipiga simu wakisema, "Tunasikia jingo na mwangwi, msomaji hatumsikii, yuko ndani ya pipa." Mapokezi aliandika simu zile kwenye daftari kama "shida ya masafa". Studio nzima ilikuwa inasikiliza kwa stirio. Hakukuwa na hata redio moja ya spika moja ndani ya jengo lile, na hiyo ndiyo redio waliyo nayo wauza genge, walinzi, wavuvi, na mama yangu. Simu nyingi na spika ndogo za bluetooth nazo ni vivyo hivyo.

Halafu kuna Ramadhani. Tulikuwa tunarusha kisomo cha Qur'ani alfajiri. Msomaji akimaliza aya hunyamaza, na kimya kile ni sehemu ya kisomo. Prosesa yetu, iliyosukumwa kwa ajili ya kushindana, haikujua kunyamaza. Ilikikuta kimya ikadhani ni mtu anayeongea chini, ikapandisha, ikapandisha, mpaka kiyoyozi cha studio kikawa kinanguruma mahali pa kimya, kisha aya inayofuata ikaanza kwa kishindo na kunguruma kukakatika ghafla. Mzee mmoja alikuja mwenyewe ofisini kwa miguu kutuuliza ni mashine gani ile inayopumua katikati ya maneno ya Mungu. Upo mpangilio wa kuzuia hilo, tunauita geti: huiambia prosesa, hapa amenyamaza, tulia. Ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa. Taarabu hupata maumivu yale yale. Ganuni inapoanza taratibu, peke yake, kabla ya fidla kuingia, sisi tunaivuta juu kwa nguvu, na bendi nzima ikiingia tunaididimiza. Aliyeutunga mwanzo ule ameporwa.

Kuhusu nyimbo tunazopiga sitasema sana, ila moja lazima. Studio nyingi zinapokea nyimbo kwa WhatsApp au kuzipakua popote zinapopatikana, faili ndogo ya MP3 iliyokwisha kubanwa mara mbili tatu. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kuficha uchafu chini ya sauti kubwa, kama mtu anayefagia takataka na kuzisukumia chini ya mkeka. Prosesa nayo kazi yake ni kuinua kilicho chini. Inakuja kuinua mkeka. Zile sauti za majimaji mnazozisikia kwenye matoazi hazitokani na mnara. Mwombeni msanii faili kamili. Wengi wanayo na watafurahi kuombwa. Na msiwaambie maprodyuza wabane zaidi ili wimbo "utoke" redioni. Orban pamoja na Frank Foti, mtu wa prosesa za Omnia, ambao boksi zao zilikuwa zikishindana sokoni, walikwisha kueleza kwa pamoja mwaka 2001 kwamba wimbo uliobanwa kupita kiasi studio hausikiki juu zaidi hewani. Ukipita kwenye prosesa hutoka mdogo na mchafu kuliko ulioachiwa nafasi.

Na wale mnaorusha kwa intaneti kwa kuchukua sauti kutoka kwenye redio iliyochomekwa kwenye kompyuta: Mtanzania aliyeko Muscat anayewafungua jioni baada ya kazi anapokea sauti iliyokatwa ncha kwa ajili ya FM, kisha ikabanwa tena kwa ajili ya mtandao. Mtandao hauna kikomo cha kilohezi 75. Upeni njia yake, inayotoka kwenye meza kabla ya prosesa ya FM, na ibanwe kidogo tu.

Sasa ombi langu.

Mpeni fundi mamlaka juu ya prosesa, na amri ya kuongeza isitolewe tena kwa simu kutoka kwenye gari. Ikiwa kuna malalamiko, meneja aje studio, akae, asikilize nusu saa nzima kwenye redio ya spika moja iliyo umbali wa hatua tatu, kwa sauti ya chini ambayo mtu angeitumia usiku watoto wamelala. Sekunde tano za kuhamahama masafa hazimwonyeshi kile msikilizaji anachokipata kwa saa nne. Nunueni redio hiyo, ya kawaida kabisa ya dukani, iwe ni kifaa cha kazi kama maiki ilivyo kifaa cha kazi.

Acheni matangazo ya biashara yapimwe kabla ya kupigwa. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilitoa kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, BS.1770, mwaka 2006, na muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ukajengea juu yake kanuni ya R128 mwaka 2010 yenye lengo la LUFS -23 (LUFS ndicho kizio cha ukubwa huo). Ziko programu za bure zinazopima hivyo. Si lazima tuchukue namba yao. Lazima tuwe na namba yetu moja, ambayo tangazo, jingo, wimbo na msomaji wa habari wote wanaanzia hapo, ili prosesa isiwe na kazi ya kuamua ugomvi ambao studio ingeweza kuumaliza.

Najua hofu yenu. Mnaogopa kwamba mkipunguza peke yenu, anayehamahama atawapita. Hofu hiyo ina ukweli, sitaidharau. Mwenye kituo analipa mishahara kwa matangazo. Ndiyo maana nawageukia TCRA. Inapokaguliwa nguvu ya mtambo na usahihi wa masafa, ipimwe pia kuyumba kwa kilohezi, tena wakati kipindi kinaendelea, bila taarifa. Na uangaliwe utaratibu wa ITU uitwao BS.412, ambao baadhi ya nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, huufuata: wastani wa nguvu ya sauti yote inayorushwa, kwa sekunde 60 zozote, usizidi ule wa toni moja inayolisukuma wimbi kilohezi 19. Uliwekwa kuwalinda majirani wa masafa wasiingiliwe, lakini una faida ya pili: anayeshindilia anajikuta analazimika kujishusha, kwa hiyo kushindilia hakumpi kitu. Wote wakifungwa na kamba moja, hakuna meneja atakayepoteza kwa kuwa wa kwanza kupunguza. Mkiona hilo ni kubwa mno kwa sasa, ulizeni mafundi wa vituo kumi, mkoani na mjini, walete rekodi za hewani za saa moja moja, msikilize wenyewe.

Yule dada aliyetolewa kwenye taarifa ya saa mbili sasa hafanyi kazi redioni. Nilikutana naye mwaka jana, tukasalimiana vizuri. Aliniuliza kama siku hizi naangalia ile 50. Nikamwambia kila mwezi.

Mama nimemnunulia redio nyingine, ile ya zamani nimekuja nayo Dar pamoja na spoku yake. Kituo chochote kitakachoniruhusu usiku mmoja wa kuamkia Jumatatu, kuanzia saa saba hadi saa kumi, wakati kompyuta inapiga nyimbo peke yake, nitakuja nayo, sidai malipo. Tutaiweka juu ya kabati, mtangazaji wa zamu atasoma taarifa nzima, meneja atakaa na kalamu aandike kila neno alilolishika, nasi tutakuwa tunalegeza prosesa kidogo kidogo mpaka karatasi yake ilingane na ya msomaji. Betri nitanunua mimi.

Wenu katika kazi,
Fundi mitambo, Dar es Salaam